Masagati Yupo

Juzi alikuja kijana kuutengeneza mnara wa simu ulioko nyuma ya nyumba yangu hapa Ifakara. Kofia ya plastiki kichwani, viatu vizito kama vya askari, jasho linamtiririka. Akaomba maji ya kunywa, nikampa. Mtu akishakunywa maji yako huona haya kuondoka hivi hivi, na kwa kuwa hana cha kukupa, hukupa maneno. Basi akaanza kunieleza kwamba huko Dar es Salaam wakubwa wao wamekaa mbele ya kioo kikubwa kama ukuta wa kanisa, na kioo hicho kinawaonyesha minara yote ya nchi, upi umeshikana na upi, sauti inapita wapi kwenda wapi, upi mzima na upi mgonjwa. Tena si habari za jana. Za sasa hivi.

"Mzee, mnara huu ukikohoa tu, Dar wanausikia."

"Nani anawaambia kwamba umekohoa?"

"Unajisema wenyewe."

Nilicheka mpaka akaudhika. Nikamwambia, mwanangu, usinune, kioo hicho mimi nilifagia chini yake miaka ya tisini, kabla baba yako hajamtongoza mama yako. Chetu tu kilikuwa cha mbao.

Hakutaka kusikia, akapanda mnara wake. Nawaandikia ninyi basi, msioweza kupanda mnara.

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nilimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kunirudisha. Nilichojaliwa ni shingo. Shingo yangu ilikuwa inabeba gunia la mpunga kutoka shambani hadi barabarani bila kutua, na ndiyo iliyonipatia kazi kwenye mradi. Ulikuwa mradi wa visima vya maji. Jina lake silitaji, kwanza lilikuwa refu, la herufi tupu bila neno ndani yake, pili umeshakufa, na marehemu hasemwi, ingawa huyu nitamsema kidogo. Kazi yangu ilikuwa kufagia ofisi, kuchemsha chai, na kubeba betri ya simu ya upepo kuipeleka kwenye mashine ya kukoboa mpunga ikachajiwe, na kuirudisha. Betri ya gari, ile ya Land Rover. Maji yake yalinitoboa mashati yote, mke wangu akawa ananiita chujio.

Simu ya upepo, kwa wasioijua, ni kisanduku chenye mdomo wa kusemea. Mradi ulikuwa umekigawa kisanduku hicho vijijini bondeni kote, ili pampu ya kisima ikiharibika watu waseme. Kila kituo kilipewa kisanduku, betri, paneli ya sola juu ya bati na waya uliofungwa kwenye mwanzi mrefu. Watu wa kusema habari za pampu walikuwa wachache. Waliokuja zaidi ni wa kusema fulani anaumwa, fulani kajifungua, fulani katutoka, waambieni ndugu zake walioko Ifakara. Mradi uliruhusu. Ungekataaje?

Sauti nazo zilikuwa na njia zao. Sanje tulimsikia moja kwa moja, safi kabisa, unasikia hata jogoo wake. Mlimba tulimsikia mbingu zikiwa na furaha. Masagati, huko nyuma kabisa baada ya Mlimba, milima ilimkinga, hatukuwahi kumsikia hata siku moja. Masagati alisema na Mlimba, Mlimba akatusimulia sisi. Jambo hilo kila mtu alilijua, kama unavyojua kwamba jirani yako wa tatu humwoni mpaka upite kwa wa pili. Hakuna aliyewahi kulisema, maana jambo linalojulikana na wote nani atapoteza mate kulisema?

Ndipo akaja meneja mpya.

Alikuwa kijana wa mjini, mwenye tai, kwenye joto la Ifakara ambalo mbu wenyewe wanatafuta kivuli. Shikamoo hakuijua. Alinikuta nafagia, mimi wa umri wa kumzaa, akasema, "Wewe mzee, mafaili ya zamani yako wapi?" Nikamwonyesha kwa fagio. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kuona. Kila alipoingia chumba cha simu alimuuliza mama wa redio, yule aliyekuwa anaita vituo, "Sanje yuko hewani?"

"Asubuhi alikuwepo, bosi."

"Sikukuuliza asubuhi. Nauliza sasa hivi."

"Sasa hivi sijamwita."

"Kwa hiyo hujui."

"Si nimesema alikuwepo?"

Mama yule alikuwa mnene, mpole, mwenye kucheka na tumbo zima. Alikuwa ameita vituo kila asubuhi na kila jioni miaka mingi bila kuulizwa maswali. Meneja alimtoa machozi wiki ya kwanza. Akasema hawezi kuongoza mradi akiwa kipofu, lazima auone mtandao mzima kwa jicho moja, kila saa, ulivyo. Akaandika Dar. Dar nao, badala ya kumtibu, wakamletea ubao.

Ubao ulikuja juu ya lori na injinia wake. Mrefu kuliko mlango, ikabidi wavunje fremu ya dirisha kuupitisha, na fremu ile haikurudishwa hata siku mradi unakufa. Ulichorwa bonde lote la Kilombero: mto wa buluu, reli nyeusi, milima ya Udzungwa kama meno ya msumeno. Penye kila kituo kulikuwa na globu mbili, ya kijani na nyekundu. Na kutoka Ifakara ilikuwa imepigwa mistari myeupe kwa rula kwenda kila kituo, imenyooka kama miali ya jua anayochora mtoto wa chekechea. Mstari wa Masagati ulipita juu ya milima, haukumgusa Mlimba wala kumsalimia.

Mama wa redio akausogelea, akauangalia. "Lakini sisi Masagati hatumsikii. Tunamsikia Mlimba."

Injinia akatabasamu, tabasamu la mtu anayemwonea huruma ng'ombe. "Mama, hapa tumechora mantiki. Hatukuchora milima."

"Milima si ile pale umeichora?"

"Ile ni ya mapambo."

Mtu akishakuambia mlima ni pambo utamjibu nini? Mimi nilikuwa na kazi ya kumshikia ngazi, nikaishika.

Kazi ya ubao ilikuwa hivi. Kila saa ikigonga, mama anaita kituo, kituo kinaitikia, anabonyeza swichi, globu ya kijani inawaka. Asipojibu mtu, nyekundu. Meneja akakaa na kiti chake mbele ya ubao kama mtu aliye sinema. Akaja mgeni, anapelekwa kwenye ubao. Akaja mkuu, anapelekwa kwenye ubao. Padri alikuja kuulizia kisima cha parokia, akaondoka bila kisima, ameuona ubao. Nyekundu ikiwaka, meneja anashika mdomo wa kusemea mwenyewe, anakifokea kituo: kwa nini hukujibu, ulikuwa wapi, nani mhusika, toa maelezo. Yaani mtu ametoka kwenda chooni bondeni huko, akirudi anakuta ana kesi.

Kuna jambo moja kuhusu betri ambalo hata mke wangu alilijua kwa kunifulia. Betri ikisikiliza haichoki. Kusema ndiko kunakoila. Zamani kituo kilisema mara mbili kwa siku, betri inakunywa jua, inapumua, inaishi. Sasa inasema kila saa, nipo, nipo, nipo. Na ilikuwa inaingia masika. Jua la masika la bondeni nani hajui? Unaweza kukaa hata wiki unaona mwanga tu, jua lenyewe limefichwa kama mwari. Sisi Ifakara tulikuwa na mashine ya mpunga na shingo yangu. Huko vijijini walikuwa na mbingu. Kwa hiyo mtandao uliulizwa kama u mzima mpaka ukafa kwa kujibu.

Lakini ubao? Ubao ulizidi kupendeza. Mwanzo wa masika ulikuwa na wekundu hapa na pale, kama ukurutu. Baadaye ukapona. Kijani kitupu, kutoka Sanje hadi Masagati. Meneja akasema, mnaona? Watu wakijua wanaangaliwa wanajirekebisha. Akaagiza soda.

Sasa nieleze kilichonihusu mimi, maana hadi hapo yalikuwa mambo ya mradi, na mradi ukianguka mimi ningerudi kubeba magunia tu.

Mama yangu alikuwa Masagati. Mimi huko ndiko kwetu, nilitoka kufuata kazi. Aliishi na mdogo wangu wa kike, na Krismasi nilipokwenda niliwakuta vizuri, ila mama alikuwa amekwisha nyama, mikono kama vijiti vya mishikaki, anakohoa. Kufa kwake sikukuogopa. Alikuwa ameishi, alituzika wengi. Nilichoogopa ni kufika nikute kilima cha udongo. Kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye anayetia udongo wa kwanza kaburini kwa mama yake. Usipokuwepo atatia mjomba, na watu watamaliza msiba, watavuna, watapanda tena, wanalisema hilo tu. Na ukiacha watu, wewe mwenyewe moyoni utakuwa umebaki na udongo mkononi miaka yote, hujui uuweke wapi. Kwa hiyo tulikubaliana na mdogo wangu: mama akizidiwa, unakwenda kituoni Masagati, unasema kwenye simu ya upepo, mimi nadandia treni siku hiyo hiyo.

Basi kila asubuhi nikifagia nilikuwa natazama globu ya Masagati. Kijani. Nafurahi, nafagia. Mama wa redio naye ananiambia, "Masagati yupo, baba, hakuna jambo."

Siku zikapita, nikaanza kutofurahi. Namjua mdogo wangu. Yule ni mwanamke asiyeweza kukaa wiki bila kuomba kitu. Chumvi, kanga, dawa ya kichwa, uzi wa cherehani ambayo hana. Kila wiki simu ya upepo ilikuwa inaleta shida zake, hadi watu wa Mlimba walijua ukubwa wa miguu yake kwa ajili ya ndala. Sasa mwezi unakatika, kijani kinawaka, haombi hata kiberiti. Hilo si la kawaida. Mdogo wangu akinyamaza, ujue kuna mkono umemziba mdomo.

Nikaenda kwa meneja. Nikasimama mlangoni mpaka alipomaliza kujifanya hajaniona.

"Bosi, naomba ruhusa. Nataka kwenda Masagati kumwona mama yangu."

"Umepata taarifa anaumwa?"

"Sijapata. Ndiyo inayonitia wasiwasi."

Akaweka kalamu chini. "Unataka ruhusa kwa sababu hakuna taarifa?"

"Ndiyo, bosi."

Akanyanyuka, akanishika bega, akanipeleka mbele ya ubao. Akaelekeza kidole. "Hapo unaona rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani maana yake nini?"

"Maana yake Masagati yupo."

"Kituo kipo hewani, hakuna ujumbe. Kwa hiyo mama yako ni mzima. Mzee, hii ndiyo faida ya mfumo. Zamani ungefunga safari bure."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, ndicho kinachoniuma hadi leo. Angekuwa na roho mbaya ningemsamehe. Nikamwomba basi mama wa redio amwite Masagati amuulize. Meneja akakubali, akakunja mikono kifuani kama fundi anayesubiri kusifiwa.

"Masagati, Masagati, Ifakara."

Mvua inakwaruza ndani ya kisanduku. Halafu sauti nyembamba ya kibata, maana kwenye simu ya upepo sote tulikuwa bata, ikatuletea kupitia Mlimba jibu la Masagati: "Masagati yupo. Endelea."

"Mama yake mbeba betri anaendeleaje huko?"

Mvua ikakwaruza tena. "Hakuna baya lililosikika."

"Umesikia," meneja akasema.

Nimesikia, nikasema. Mchana nikamnong'oneza mama wa redio kwamba wakiniulizia, mimi nina homa. Akanitazama, akasema, "Na iwe homa kali, baba." Kesho yake nikapanda treni.

Mlimba nilishuka mvua inanyesha kama iliyolipwa, nikaenda moja kwa moja kituoni, nikidhani nitampata mtu wa kuniambia kama njia inapitika. Kituo kilikuwa sebuleni kwa mwalimu wa dini, mzee aliyefundisha katekisimu watoto wa Mlimba na watoto wa watoto wao. Kisanduku kilikaa mezani, Bikira Maria pembeni yake, na wote wawili wamefunikwa kitambaa kimoja cha kufuma.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu. Wewe si ndiye mwenye dada wa ndala?"

Nikakaa, nikapewa chai. Saa ikagonga. Kisanduku kikakohoa, nikamsikia mama wetu wa Ifakara, hajui kama nipo pale. "Mlimba, Mlimba, Ifakara."

"Mlimba yupo," akasema mwalimu.

"Masagati, Masagati, Ifakara."

Mwalimu akasubiri kidogo, kama unavyomsubiri mtu anayetoka chumba cha ndani. Halafu akageuza mdomo upande, akapunguza sauti. "Masagati yupo."

Chai ikanipalia.

"Mwalimu! Hata hukumwita! Masagati ni wewe?"

"Namwitikia."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Betri yake imekwisha. Tangu mvua hizi zishike sijamsikia."

"Mbona sasa unasema yupo?"

Akanitazama kama mtu aliyeingia kanisani na kofia. "Kwani kaenda wapi? Masagati imehama?"

Lazima niwaambie wasomaji wa mbali, maana mtamwona mzee huyu mwongo, na hakuwa mwongo. Kwetu bondeni jina la mtu likiitwa mkutanoni au kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, naye hayupo, jirani yake humwitikia: yupo. Maana yake ni mwenzetu, hajafa, hajatutoroka, yuko dunguni analinda mpunga dhidi ya ndege. Ni adabu. Jina la mtu haliachwi likaanguka chini bila wa kulipokea. Na mwenyekiti wa kijiji anajua kulisikia. Anageuza shingo, anaona aliyeitikia ni nani na kakaa wapi, anajua huyu kaitikiwa, si mwenyewe. Sasa ubao una shingo? Ubao ule hata Mlimba haukujua kwamba yumo njiani. Kwenye ubao ule sauti ya Masagati ilikuwa inatoka Masagati, juu kwa juu, inapita kwenye milima ya mapambo.

"Siku ya kwanza aliponyamaza nilisema ukweli," mwalimu akaendelea, na hapo na yeye uso ukambadilika. "Nikasema Masagati hajibu. Bosi wenu akashika mwenyewe. Akanifokea mimi! Kwa nini hajibu, tangu lini, nani mhusika, toa maelezo. Mimi, nilikuwa nafundisha sakramenti yeye hajaota meno. Saa iliyofuata nikasema yupo. Akasema, vizuri sana Masagati. Tangu siku hiyo yupo."

"Na mimi? Ulipoulizwa habari za mama yangu ukasema hakuna baya lililosikika."

"Wewe ulikuwa umesikia baya?"

"Sikusikia."

"Na mimi sikusikia. Nimedanganya wapi?"

Mkishakuwa na jibu la swali hilo mniletee. Mimi nilikaa na kikombe mkononi, nataka kumtukana, na matusi hayatoki mbele ya Bikira Maria. Yeye akaanza kuelewa. Akasimama, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa ukatwangwa, kwa ajili ya njiani, akanipa na baiskeli yake. "Nenda, mwanangu. Breki ya nyuma haishiki. Na mimi nitaanza rozari sasa hivi." Ndivyo walivyo watu hawa. Wanakuua kwa adabu, halafu wanakupa baiskeli.

Njia ya Masagati wakati wa masika sitaieleza, maana ningelia. Baiskeli nilipanda kidogo, nyingi niliibeba begani, shingo ile ile ya betri. Mto ulikuwa umejaa, nikalala kwa wavuvi, wakanivusha kulipokucha kwa mtumbwi. Kila niliyekutana naye anatoka huko nilimtazama usoni kabla ya salamu, nione kama macho yanakwepa.

Nilifika jua linazama nyuma ya mawingu. Uani kwetu kulikuwa na watu, lakini hawakuwa wamekaa chini. Nilipoona hawajakaa chini, nikajua msiba bado, nikaiangusha baiskeli matopeni. Mdogo wangu akatoka mbio, hakunikumbatia, akanipiga. Ngumi za kweli, za kifuani.

"Uko wapi wewe? Nimekwenda kituoni mpaka njia imenijua! Ulitaka nije nikubebe?"

"Hawakuniambia."

"Yule bwana wa redio aliniambia nisubiri jua. Kila nikienda, subiri jua. Nikasubiri jua!"

Bwana wa redio wa Masagati alikuwepo hapo hapo uani, kashika kofia. Alikuwa amekaa mbele ya kisanduku kilichokufa siku zote hizo, saa za kuitwa, kwa utiifu, akisikiliza hewa. Angeweza kutuma mtu Mlimba kwa miguu. Lakini aliambiwa ujumbe unapita kwenye simu, basi akautunza kichwani, anasubiri simu ifufuke. Mpumbavu mwenye nidhamu. Nimewajua wengi, na wengine wana tai.

Mama alikuwa ndani. Alikuwa mdogo kama aliyefuliwa akasinyaa. Nilidhani hanioni, nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Hapana, mama."

"Umenenepa. Wanakulisha nini huko?"

"Ni kazi tu, mama. Nabeba betri."

Akafumba macho, nikadhani kalala. "Yetu imekufa," akasema. "Hata mtoto mdogo anajua."

Nikakaa naye. Siku ile na iliyofuata nilimnywesha uji kwa kijiko, na tulizungumza mambo ya kipuuzi, bata wake, mtu aliyemkopa jembe kabla sijazaliwa, namna baba alivyokuwa anaogopa radi. Akatutoka asubuhi, mvua imekatika, mdogo wangu akiwa amemshika miguu na mimi kichwa. Na udongo wa kwanza niliutia mimi. Ulikuwa mzito, wa maji. Mjomba alisimama nyuma yangu na mikono mitupu, kama ilivyotakiwa.

Tulimaliza matanga, tukanyolewa nywele, nikarudisha baiskeli Mlimba. Mwalimu wa dini alipoona kichwa changu hakuuliza. Alikaa, akaniambia nieleze, nikaeleza, akalia waziwazi. Saa ikagonga katikati ya kilio chake. Akapangusa pua, akaitikia vituo vyote viwili, chake na cha Masagati, akarudi kulia.

Ifakara niliingia ofisini asubuhi ya kazi. Meneja alikuwa kwenye kiti chake cha sinema. Aliniangalia kichwa kinachong'aa.

"Niliambiwa una homa."

"Mama yangu amefariki, bosi. Nimetoka kumzika."

"Wapi?"

"Masagati."

Akageukia ubao. Naapa kwa kaburi lile, aligeukia ubao kabla ya kunipa pole. "Lakini hatukupata taarifa yoyote kutoka Masagati."

"Masagati hakuwa hewani, bosi. Hayupo tangu masika yaanze. Anayeitikia ni Mlimba."

"Haiwezekani. Mlimba ana mstari wake." Akatembeza kidole juu ya mstari mweupe kutoka Ifakara hadi Masagati, mzima, haukukatika popote. Halafu akasema la kiofisi: ruhusa ya msiba inataka uthibitisho wa kituo husika. "Mama, mwite Masagati athibitishe."

Mama wa redio alikuwa ameshika mdomo wa kusemea. Akanitazama kichwa, akamtazama meneja. Akauweka mezani, taratibu, kama unavyoweka yai.

"Mwite mwenyewe, bosi. Si unamwona?"

Akafungua kanga yake kiunoni, akaifunga upya, akazunguka meza na unene wake wote, akaja kukaa kwenye benchi langu la chai. Saa ilikuwa inagonga, saa ya kuita, naye hakugeuka. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole, baba. Pole sana. Ulimkuta?"

"Nilimkuta."

"Alikujua?"

"Alisema nimenenepa."

Tumbo lake likacheka na macho yakamwaga machozi kwa pamoja. "Niambie yote," akasema. "Anza pale uliposhuka kwenye treni."

Nikaanza kumweleza. Nyuma yetu meneja alikuwa amesimama kaushika ule mdomo, anaita Sanje, Sanje, bila hata habari za asubuhi, halafu Mlimba, halafu Masagati, na kila alipoita kitu kikamwitikia. Hatukumsikiliza. Nilikuwa nimefika kwa wale wavuvi walionivusha, nami nilitaka asikose hata kidogo namna mto ulivyokuwa.